Noti ya Taarabu na Tiketi ya Akihabara

Waswahili wenzangu hapa Tokyo huwacheka sana mashabiki wa Kijapani: wanaume wazima, wenye kazi zao za heshima, wanapunga vijiti vya taa mbele ya wasichana wa AKB48, kundi kubwa la waimbaji wa kike. Mimi nawaheshimu. Ukumbi wa kundi hilo pale Akihabara, mtaa wa hapa Tokyo, uliofunguliwa Desemba 2005, unaingiza watu kama 250 tu, na wote wanajua pa kuitikia na pa kunyamaza. Shabiki wa kweli hununua sidii ileile tele, maana ndani yake huwamo tiketi ya kukutana na msichana ampendaye kwa sekunde chache. Kati ya 2009 na 2018 zilikuwamo hata kura za kuamua nani asimame mbele. Sisi tunarushiana nyimbo za bure WhatsApp, kisha tunajiita mashabiki.

Ila taarabu inajua kitu ambacho Akihabara haikijui. Mama aliyejipamba huinuka, akaenda akicheza taratibu mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji noti. Pengine ubeti umemgusa, pengine anamrushia kijembe aliyekaa meza ya pili. Akirudi kitini hamdai mwimbaji kitu, wala hamuulizi ana nani.

Msichana wa Kijapani huulizwa hilo hasa. Kampuni nyingi zinazowasimamia waimbaji hawa huwakataza kuwa na wapenzi, ili kila mwenye tiketi aendelee kujiona ana nafasi. Mwanzoni mwa 2013 Minami Minegishi wa AKB48, mwenye miaka 20, alinyoa kichwa akaomba radhi kwa machozi kwenye video, kisa gazeti limeandika kuwa alilala nyumbani kwa kijana mmoja. Akashushwa daraja. Video ile iliniumiza kama kwamba namtazama mdogo wangu. Mwaka huohuo Zanzibar ilimzika Bi Kidude, aliyeimba mapenzi waziwazi mpaka uzeeni, na hakuna shabiki aliyemtaka ayaombee msamaha.

Tokyo kwenyewe mahakama imetoa hukumu mbili. Mwaka 2015 msichana wa miaka 17 aliamriwa kuilipa kampuni zaidi ya yeni 600,000 kwa kuvunja sharti hilo. Januari 2016 kesi nyingine ya namna hiyo ikatupwa, jaji akisema kupenda ni sehemu ya haki ya mtu kutafuta furaha yake. Mimi niko na jaji huyu wa pili, na natamani mashabiki wale wanaojua kulipa waendelee kununua sidii hata msichana akiwa na mtu wake.