Lipia mtihani, usilipie benchi

Risiti ninayo mpaka leo. Iko kwenye kopo la vifungo, imekunjwa mara nne: fomu 10,000, ada ya miezi mitatu 105,000, fulana ya kituo 15,000. Jumla laki moja na thelathini. Ndiyo bei niliyolipa Agosti 2020 ili nikae kwenye benchi la kituo cha masomo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Morogoro, nikinakili notisi za Uraia kutoka ubaoni pamoja na watu wazima wenzangu ishirini na kitu. Mwalimu alitakiwa kuja siku tano kwa wiki. Alikuja mbili, wiki nyingine moja. Fulana nimeigeuza tambara la kufutia mafuta ya cherehani, na kwa kazi hiyo inafaa sana.

Sina haja ya kumharibia mtu biashara, ndiyo maana kituo sikitaji. Nimelileta hili kwa sababu haipiti wiki mbili bila mteja au jirani kuniuliza, "Fundi, hivi na mimi nikitaka kurudi shule, inakuwa bei gani?" Nami huwa namrudishia swali: unanunua nini? Kama ni benchi, benchi ni ghali. Kama ni cheti, cheti cha kidato cha nne kinatolewa na Baraza la Mitihani, hakitolewi na mwenye kituo, na kwa Baraza mlango una bei ambayo mshona sare kama mimi anaimudu.

Nilimaliza la saba mwaka 2000, huko Kilosa. Wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. MMES, mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, ulianza 2004, na shule za kata tunazoziona leo kila kona zilikuja baada yetu. Darasa zima mlikuwa mnasubiri majina, wakapita wachache, wengine mkaambiwa "hamkuchaguliwa". Neno la kistaarabu hilo, halimwambii mtoto kwamba amefeli, wala halimwambii aende wapi. Wenzangu waliingia shamba, wengine wakachukuliwa Dar kufanya kazi za ndani. Mimi nikapelekwa kwa mama mdogo kujifunza cherehani.

Kwa mtu ambaye hakugusa sekondari, njia inaanzia kwenye Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT. Unapima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukiufaulu, unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Hakuna mahali Baraza linakuuliza ulisomea benchi gani.

Hayo sikuyajua. Desemba ile mwenye kituo alitutangazia kwamba "gharama za mtihani" ni 150,000 na zilipwe kabla ya Krismasi. Siku mbili baadaye nilikuwa nampima mteja wangu, mwalimu wa sekondari, gauni la kitenge la harusi ya mdogo wake. Nikamweleza kwamba nimekwama. Alicheka mpaka pini ikamchoma kiunoni. "Laki na nusu? Ya nini, mwenzangu?" Akanielekeza pale pale, mikono juu, futi ya kupimia ikiwa bado imemzunguka. Unakwenda mwenyewe kwenye shule ambayo ni kituo cha mtihani, unapewa namba rejea. Ukishaipata unaingia kwenye mfumo wa Baraza mtandaoni, unajaza taarifa zako, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Basi. Ada ya QT ilikuwa 30,000. Ya kidato cha nne kwa mtahiniwa wa kujitegemea ilikuwa 50,000. Kijana wa steshenari alinijazia fomu kwa 3,000 kwa sababu mimi na kompyuta tulikuwa hatujuani. Dirisha hufunguliwa Januari, na anayezubaa analipa na faini juu, kwa hiyo tangazo la mwaka husika lisome kwenye tovuti ya Baraza lenyewe. Usimwulize dalali.

Januari kwangu ni mwezi wa sketi. Nashona sare, na kuanzia Krismasi hadi shule zifunguliwe cherehani haipoi. Thelathini elfu ilikuwa ufundi wa sketi sita. Nilizihesabu.

Sasa kusoma. Mwaka huohuo binti yangu aliingia kidato cha kwanza. Sikupanga, lakini ikawa ndiyo bahati yangu kubwa, maana vitabu na madaftari yakawa yanarudi nyumbani kila jioni yenyewe. Mwanzoni aliona aibu, baadaye akanogewa, akawa mwalimu mkali kuliko yeyote niliyemwona kule kituoni. Kuna siku nilikuta karatasi yangu ya Hisabati imesahihishwa kwa kalamu nyekundu: 9 kati ya 50, na chini yake "Jitahidi". Nikajaribu kujitetea. "Mama, x ikivuka upande wa pili inabadilisha alama. Nimekwambia mara ngapi?" Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikameza.

Pale ambapo madaftari yake hayakufika, yaani kidato cha pili kwenda juu, nilisoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vitabu vya kiada vimo, unavisoma bure, unachohitaji ni bando na macho mazima. Kwenye kioo cha simu ndogo, Biolojia inaumiza shingo, sitakudanganya. Jumamosi nilikwenda maktaba ya mkoa. Na mitihani iliyopita nilitoa kopi, shilingi mia kwa ukurasa, miaka mitano ya kila somo. Hiyo mitihani iliyopita ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Ukiifanya mfululizo unaanza kuwajua watungaji kama unavyowajua wateja, huyu lazima atauliza Maji Maji, yule hakosi Mkutano wa Berlin. Ukuta wangu wa kuandikia vipimo ukajaa mchanganyiko: kiuno 32, urefu 26, Berlin 1884, Maji Maji 1905.

Hisabati na Kiingereza zilinishinda peke yangu, nisijifanye. Tulitoka watano kule kituoni tukaunda kikundi. Kila mmoja anatoa 2,000 kwa wiki, tunampa kijana mmoja aliyemaliza chuo na hajapata ajira, anatufundisha saa mbili kila Jumapili kwenye uwanja wa mwenzetu anayepika chapati. Elfu kumi kwake, siku za mwanzo hata chapati hatukumpa, tukaona aibu tukaanza kumpa. Alikuwa anaulizwa swali anajibu. Kituoni swali lilikuwa linaonekana kama utovu wa adabu.

Kilichoniuma zaidi hakimo kwenye risiti yoyote. Ni oda nilizokataa. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nasoma mpaka kumi na mbili, halafu siku inaendelea kama kawaida, na mikono iliyolala saa tano usiku haishoni kola iliyonyooka. Wateja wawili walihama. Mama mkwe, ambaye nampenda, aliniuliza kwa upole kabisa, "Ukishakipata hicho cheti, mwanangu, cherehani itakuwa inashona yenyewe?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nasema ada ndogo haitoshi kuitwa nafuu. Mtu mzima analipa kwa muda, na muda wake una bei, kwa hiyo kila saa anayopotezewa na mwalimu asiyekuja ni wizi juu ya wizi.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kuna watu bila benchi na mwenzake wa kumsukuma hasomi ng'o, huyo akatafute kituo, ila apitie kwanza ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima aulize vituo vinavyotambulika. Hiyo taasisi ina sheria yake tangu 1975, haikuanza jana, na kupitia huko pia kuna mpango wa SEQUIP ambao umewarudisha bila ada wasichana waliokatishwa sekondari. Kama una binti wa namna hiyo nyumbani, acha kunisoma, nenda kaulize.

Na si kila anayeniuliza anahitaji kuanza mbali kama mimi. Jirani yangu wa gereji ana kidato cha nne chake, amekosa masomo mawili. Alikuwa anataka kurudia miaka yote miwili kwenye kituo! Nikamwambia arisiti, yaani afanye upya mtihani wa hayo mawili tu. Tena kwa ufundi wake wa magari, alioupata chini ya mwembe, hakuhitaji hata darasa: kuna mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wanakupima unachokijua kwa vitendo na kukupa cheti. Alidhani namtania. Kwa wenye sifa za chuo, Chuo Kikuu Huria kimewekwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na familia, unasoma ukiwa kwako. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuanza na "nataka kusoma" kabla ya kujua karatasi anayoitaka inafungua mlango upi. Uliza chuo au mwajiri kwanza anataka nini, ndipo ulipe.

Hapa ndipo ninapowageukia wakubwa. Mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema tuanze na watu wazima, maana watoto tunaowasomesha watachukua miaka mingi kabla hawajaugusa uchumi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wakakaa chini ya miti na vibao vya kuandikia. Leo tuna elimu bila ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na tangu 2022 hadi cha sita, nami kama mzazi nashukuru, nisingeweza mambo mawili kwa pamoja. Lakini aliyeikosa zamu yake kwa sababu alizaliwa kabla ya shule za kata, huyo ajitegemee. Ni neno lao wenyewe: mtahiniwa wa kujitegemea. Na akijikongoja akafika mlango wa chuo kikuu, anakuta miongozo ya mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa miaka 35. Nilifikisha 35 mwaka niliofanya QT.

Majirani zetu Kenya, ambako madarasa ya watu wazima huitwa gumbaru, walikuwa na Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84. Watu wanamsimulia kama hadithi ya moyo wa chuma. Mimi ninachokiona ni tarehe. Kenya iliondoa ada ya shule za msingi 2003, na mzee akaja mwaka uliofuata. Moyo alikuwa nao siku zote. Kilichochelewa ni mlango.

Sidai makubwa. Ukipita kwenye shule zetu za kata saa kumi jioni utakuta madarasa matupu, viti vimepangwa, umeme upo. Yafunguliwe jioni mara tatu kwa wiki, walipwe wahitimu wasio na ajira kiasi, na ile ada ya QT ifutwe kwa anayeifanya mara ya kwanza. Maktaba nazo zisifunge wakati mtu wa kazi ndiyo kwanza anatoka kazini. Wakifanya hivyo, vituo vya uchochoroni vitabaki na wanaovitaka kweli.

QT nilifaulu. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari 2023, nikiwa katikati ya sketi tena, cherehani ikiunguruma. Binti ndiye aliyeyafungua kwenye simu. Kiswahili C. Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia D. Kiingereza F. Akatulia kidogo kabla ya la mwisho. "Hisabati F, mama. Si nilikwambia?" Divisheni ya nne, na D za kutosha kuombea astashahada.

Januari hii najisajili kurisiti Hisabati peke yake. Kozi ninayoitaka haiihitaji, huu ni ubishi wangu na yule mtoto tu. Ameshanitungia jaribio, nimepata 21 kati ya 50, na safari hii chini hakuandika kitu. Ada nimeanza kuitenga kwenye kopo lilelile la vifungo, juu ya ile risiti. Zimebaki sketi tatu.