Gemu ukinunua iwe yako kweli

Kwenye makala yenu ya PS5 Pro, mashine ya gemu ya Sony, mmeandika zaidi bei yake, karibu dola 700 ilipotoka Novemba 2024, ila kwangu bei sio ishu kubwa, ishu ni kwamba haina sehemu ya kuweka CD, ukiitaka unainunua pembeni kwa dola 80 nyingine. Hapo ndo wanatubana jamani. CD nikimaliza gemu naiuza au tunabadilishana na washkaji, huku mtaani wengi tumecheza God of War hivyohivyo, CD moja inazunguka mpaka inachubuka. Ya kudaunlodi huwezi kumpa mtu wala kuiuza, na bando la GB 100 nani atakulipia?

Halafu angalieni kampuni ya gemu ya Ubisoft walivyofanya The Crew, ile gemu ya magari ya 2014, Machi 2024 wakazima seva basi imekwisha, hata mwenye CD yake mkononi haichezeki tena, hata kama ulikuwa unacheza peke yako maana ilikuwa lazima uwe onlaini. Watu walilipa hela zao halali kabisa! Nawaunga mkono sana wale wa Stop Killing Games, kampeni ya wachezaji ya kupinga gemu kuzimwa hivi, hawaombi seva ziwake milele, wanataka tu kampuni ikiondoka iache gemu inachezeka.

Na nyie mnaokimbilia FC mpya, ile gemu ya mpira, kila mwaka hata kabla haijatoka, mnawapa kiburi hawa watu. Subirini miezi kadhaa tu bei inashuka yenyewe. Mimi PS4 yangu inatosha kwanza, gemu nilizonazo bado sijazimaliza.