Daftari la Hiroshima, njaa ya Songea

Kila tarehe 6 Agosti, siku ambayo Wamarekani waliangusha bomu la atomiki hapa mwaka 1945, saa mbili na robo asubuhi, kazi zote husimama kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi hapa Hiroshima. Kwenye televisheni tunaona watu waliofurika Bustani ya Amani, kengele inapigwa, na wazee wetu wanafumba macho na kuunganisha viganja. Kuna bibi mmoja ambaye vidole vyake vimekakamaa, hawezi tena. Huniomba nimshikie mikono. Nina miaka kumi na moja hapa, na kila mwaka katika dakika hiyo namkumbuka babu yangu.

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alitoka Songea, akapanda meli Mombasa, na mwaka 1944 akapigana na Wajapani huko Burma, kwenye bonde la Kabaw, ambako mvua na malaria viliwaangusha vijana wengi kabla ya risasi. Bomu lilipoangushwa, wenzake na yeye walikuwa wamerudishwa India wakisubiri kupelekwa vitani tena. Alipotuhadithia hakuzunguka: "Lile bomu ndilo lililonirudisha nyumbani. Bila lile, baba yenu asingezaliwa." Baba alizaliwa 1948. Kwa hesabu ya babu, mimi ninayemshika bibi huyu mikono nipo duniani kwa sababu ya kilichomuunguza yeye.

Ndugu zangu wa nyumbani wakipiga simu wananiuliza jambo lilelile: Wajapani walistahili au hawakustahili? Wengine wanaongeza kwamba Japani nayo ilifanya unyama Nanjing kule China, Korea na Burma. Ni kweli. Hiroshima ulikuwa mji wa jeshi, na askari waliokwenda kuivamia Asia walipandia meli kwenye bandari yake ya Ujina. Hata baada ya vita, mnara wa kuwakumbuka Wakorea waliokufa kwa bomu, wengi wao wakiwa wameletwa kufanya kazi, ulijengwa mwaka 1970 nje ya bustani, ukaingizwa ndani mwaka 1999. Wanaharakati wa hapa wenyewe wanayasema haya, tena kwa uchungu.

Lakini bomu halikuwauliza watu walifanya nini Nanjing. Lililipuka angani, karibu mita 600 juu ya hospitali. Asubuhi ile maelfu ya watoto wa shule walikuwa wametolewa madarasani kwenda kubomoa nyumba ili moto wa mabomu ya kawaida usipate njia. Dada yake bibi alikuwa mmojawapo, ana miaka 13. Hakuonekana tena. Kwenye kaburi la ukoo walizika kitana chake. Mpaka mwaka ule unakwisha, watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na karibu 74,000 Nagasaki.

Bibi alikuwa na miaka kumi. Alipona, kisha maisha ya kupona yakawa ndiyo mtihani. Wamarekani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1947. Waliwapima manusura damu, wakawapiga picha, wakaandika, lakini hawakuwatibu. Sheria ya Japani ya kuwapa manusura matibabu ilikuja mwaka 1957, miaka kumi na miwili baadaye, na wengi waliogopa kuchukua kile kijitabu cha manusura, kwa kuwa familia nyingi hazikutaka mtoto wao aoane na mtu aliyepigwa na mionzi. Bibi alikificha chake mpaka binti zake wote wawili wakaolewa. Huyu ndiye mtu anayeulizwa kama alistahili.

Hoja kubwa ya wanaotetea bomu ni kwamba liliokoa maisha. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, aliandika kwamba kuivamia Japani kungeweza kuwagharimu Wamarekani zaidi ya milioni moja waliokufa na kujeruhiwa. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu tarakimu hiyo, na kama Japani ilisalimu amri kwa sababu ya bomu au kwa sababu Urusi ya Kisovieti iliingia vitani siku mbili baada ya Hiroshima. Mimi si mwanahistoria. Ninachojua ni kwamba hoja hii tumewahi kutumiwa sisi. Kwenye Vita vya Maji Maji, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula ili vita viishe upesi. Vikaisha. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Watoto wawili wa kwanza wa mama yake babu walikufa katika njaa ile, kabla babu hajazaliwa. Sidhani kama babu angekubali mtu amwambie kwamba vifo vyao vilifupisha vita. Nasikitika sikumuuliza, alifariki nikiwa kidato cha pili.

Nashukuru alirudi. Na naamini kuiangushia miji bomu lile lilikuwa kosa kubwa. Yote mawili nayabeba, wala sioni haja ya kulitupa moja.

Neno hilo, kosa, limechongwa kwenye jiwe lililoko katikati ya bustani. Mama aliniomba siku moja nimtafsirie maandishi ya jiwe hilo, nikakwama. Kijapani kinaruhusu sentensi isiyosema nani. Nimwandikie "pumzikeni kwa amani, hatutarudia kosa", au "kosa halitarudiwa"? Kiswahili kinadai uchague. Mwaka 1952 jaji Mhindi Radhabinod Pal alifika hapa akakasirika, akasema aliyelitupa bomu si Mjapani, sasa Mjapani anakiri kosa gani? Mji unajibu kwamba anayesema pale ni binadamu wote. Nilimwandikia mama "hatutarudia". Akaniuliza, "Sisi nasi tumo?" Nikamwambia tumo, na nikamsimulia habari za Shinkolobwe, mgodi wa Katanga. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Wamarekani ilitoka kule, na iliyoichimba ni mikono ya Wakongo ambao wengi wao hawakujua inakwenda wapi.

Ndani ya jiwe hilo kuna madaftari ya majina ya waliokufa, ya mtu mmoja mmoja. Kila Agosti wanaongeza manusura waliofariki mwaka uliopita, na sasa majina yamepita 340,000. Daftari moja limetengwa kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakujulikana. Hapo ndipo ninapoionea nyumbani uchungu. Songea tuna makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, na kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Majina yao tunayo. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi, jambo ambalo Obama hakulifanya alipokuja Hiroshima mwaka 2016. Ukoo wa Songea Mbano, mmoja wa mashujaa hao, bado unadai kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Lakini waliokufa kwa njaa, akina mama na watoto waliokuwa wakichimba mizizi porini, wako kwenye daftari gani?

Jioni ya Agosti 6 watu hapa huziacha taa za karatasi zielee mtoni. Mwaka jana bibi aliniomba nimwandikie taa ya dada yake kwa vile mkono wake hauwezi. Nikanunua na ya pili, nikampigia baba kumwuliza wale watoto wawili waliitwaje. Alinyamaza kidogo. Akasema babu alikuwa akiwaita "wakubwa wangu" tu.

Desemba nakwenda likizo. Shangazi yake baba yuko Peramiho, hasikii vizuri lakini akili yake ni nzima. Nitaanzia kwake, na daftari nimeshanunua.