Mtetezi akivaa joho: uteuzi wa Jaji Constance Baker Motley na swali lisilozeeka

Mwaka 1975 kampuni kubwa ya uwakili ya New York, Sullivan & Cromwell, ilikuwa imeshtakiwa na wakili mwanamke kwa madai kwamba inawabagua wanawake katika ajira. Shauri likaangukia kwa Jaji Constance Baker Motley wa mahakama ya shirikisho mjini New York. Kampuni ikamwomba ajitoe. Ukiivua hoja yake maneno ya kistaarabu, ilikuwa hivi: jaji ni mwanamke, jaji ni Mweusi, na miaka ishirini ya uwakili wake aliimaliza akipambana na ubaguzi, basi hawezi kutusikiliza bila kuegemea upande.

Motley alikataa kujitoa. Alisema kama jinsia, rangi au historia ya jaji ingetosha kumwondoa kwenye kesi, hakuna jaji yeyote wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza, kwa kuwa wote walikuwa mawakili, wote wana jinsia, na wengi wametoka katika kampuni za uwakili zenye jina au katika utumishi wa umma.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Watu wengi huitumia methali hii kumnyooshea kidole mtu mmoja, lakini yenyewe haikumtaja fulani. Inamhusu kila anayeishika ngozi. Ndiyo maana jibu la Motley lina nguvu. Hata hivyo sikubali kwamba linamaliza ubishi, na sababu nitazieleza.

Kwanza tumfahamu. Alizaliwa New Haven, Connecticut, tarehe 14 Septemba 1921, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili wa wazazi waliohamia kutoka kisiwa cha Nevis. Baba alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, na fedha za kumsomesha binti sheria hazikuwapo. Tajiri mmoja wa mji huo, Clarence Blakeslee, alimsikia akizungumza mkutanoni, akajitolea kumlipia. Alihitimu sheria Columbia mwaka 1946, na wakati huo tayari alikuwa anafanya kazi chini ya Thurgood Marshall katika Mfuko wa Utetezi wa Kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi Marekani. Yeye ndiye aliyeandika hati ya awali ya madai katika kesi ya Brown, iliyovunja ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka 1954. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetea kesi kumi, akashinda tisa.

Hapa msomaji wa Tanzania asichanganyikiwe na majina. Mahakama ya wilaya ya shirikisho Marekani si Mahakama ya Wilaya tunayoijua sisi, ya hakimu. Kwa uzito inakaribia Mahakama Kuu: kesi inaanzia hapo, mashahidi wanasimama hapo, na mara nyingi ni jaji mmoja anayepima nani asadikiwe. Wilaya hizo ziko 94 nchi nzima. Rais anateua, Seneti inathibitisha, kisha jaji anakaa maisha alimradi mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake haupunguzwi. Jaji wetu wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, na wa Kenya akiwa na 70. Wa Marekani hawana kikomo. Cha kushangaza zaidi, Katiba ya Marekani haimwekei jaji sharti lolote la umri, uraia wala hata shahada ya sheria. Kila kitu kinategemea busara ya anayeteua na ukali wa wanaothibitisha.

Motley aliujua uzito wa kiti hicho kwa sababu alikuwa amesimama mbele yake akiwa wakili. James Meredith alipotaka kujiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi, Motley ndiye aliyemwakilisha. Jaji wa shirikisho wa huko, Sidney Mize, alisikiliza ushahidi wote kisha akaamua kwamba chuo hakibagui wanafunzi kwa rangi. Mississippi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960! Mtoto mdogo wa huko angeweza kumweleza ukweli. Mahakama ya Rufani iliutupa uamuzi huo Juni 1962, na Meredith akaandikishwa Oktoba mosi akilindwa na maofisa wa shirikisho na wanajeshi, baada ya usiku wa ghasia uliochukua maisha ya watu wawili.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Mwaka 1961 Rais Kennedy alimteua Harold Cox kuwa jaji wa shirikisho Mississippi. Cox na Seneta James Eastland walikuwa wamekaa chumba kimoja walipokuwa wanafunzi, na Eastland sasa alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mahakama ya Seneti. Chama cha Mawakili cha Marekani kilimpa Cox sifa za juu, na Seneti ikampitisha haraka. Mwaka 1964, akiwa amevaa joho, aliwafananisha na sokwe watu Weusi waliotaka kujiandikisha kupiga kura.

Sasa tazama yaliyomkuta Motley. Rais Lyndon Johnson alipeleka jina lake Seneti Januari 1966, kwa ajili ya mahakama ya Wilaya ya Kusini ya New York. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Eastland yuleyule, seneta wa Mississippi, jimbo ambalo Motley alikuwa amelishinda mahakamani kwa niaba ya Meredith. Eastland alimhusisha na ukomunisti na kuukalia uteuzi huo miezi saba. Motley alithibitishwa tarehe 30 Agosti, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho katika historia ya nchi hiyo.

Ni rahisi kuishia hapo, Eastland akabaki mwovu wa hadithi. Lakini hoja ya wasiwasi haikuwa mali yake peke yake. Iko ya heshima, na tuipe nafasi. Mtu anayeshtakiwa kwa ubaguzi anaingia mahakamani akijua kwamba jaji aliye mbele yake alitumia nusu ya maisha yake kuandika hati kama ile anayoshtakiwa nayo. Hata jaji awe mwadilifu namna gani, mdaiwa huyu atatokaje pale akiamini kwamba amesikilizwa? Haki inahitaji ionekane, haitoshi itendeke. Na katika mahakama inayosikiliza ushahidi hatari ni kubwa kuliko juu, kwa sababu majaji wa rufani husita kugusa yale ambayo jaji wa kwanza ameyaamua kuhusu ukweli wa mambo. Wao hawakumwona shahidi akijibu. Jaji huyo wa kwanza akikosea katika sheria, atasahihishwa. Akielemea upande mmoja katika kuwapima mashahidi, ni vigumu kumkamata. Mize alikamatwa kwa sababu uamuzi wake ulikuwa wa kupita kiasi.

Kuna kesi moja ambayo wapinzani wake wangeweza kuishika. Mwaka 1970 Motley aliamua shauri la Martin Sostre, mfungwa wa New York aliyewekwa katika kifungo cha upweke kwa zaidi ya mwaka. Jaji alimpa fidia ya dola 13,020, alizozikokotoa kwa siku 372, na akasema adhabu ile ilikuwa ya kikatili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Sostre aliadhibiwa kwa imani zake na kwa harakati zake za kisheria, ikabakiza fidia ya madhara. Ikafuta fidia ya kumwadhibu msimamizi wa gereza, na ikakataa kwamba upweke wa muda ule, peke yake, ulivunja Katiba. Ukiisoma kwa jicho la mpinzani, utasema mtetezi alikuwa bado yumo ndani ya joho. Mimi naona kitu kingine: ukweli wa mambo aliouona Motley ulisimama, na sheria aliyotaka kuisogeza mbele ndiyo iliyorudishwa nyuma, hadharani, kwa sababu zilizoandikwa. Hivyo ndivyo mfumo ulivyokusudiwa kufanya kazi. Lakini nakiri kwamba alitaka kuisogeza.

Kinachonisumbua katika hoja ya wapinzani ni kwamba huwa inaelekezwa upande mmoja. Mahakama za shirikisho zimejaa waliokuwa waendesha mashtaka, na wengine wametoka kuyatetea makampuni makubwa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama aliyeshtaki watu miaka kumi na mitano ataweza kumsikiliza mshtakiwa. Historia hiyo huitwa uzoefu. Ya Motley iliitwa harakati.

Tena, kazi ya kila siku ya jaji wa New York haikuwa siasa za rangi. Mwaka 1991 ndiye aliyeamua kwamba Kinko's, kampuni ya maduka ya fotokopi, ilivunja hakimiliki kwa kutoa fotokopi za sura za vitabu, kuzifunga pamoja na kuwauzia wanafunzi bila ruhusa ya wachapishaji. Wanafunzi maskini hawakuipenda hukumu ile, na mtu aliyedhani Motley atamfuata mnyonge popote aendapo angeshangaa. Hata hukumu yake ya 1978 iliyomfungulia mwandishi wa michezo Melissa Ludtke mlango wa chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, haikuandikwa kwa hisia. Ilijengwa juu ya hoja kavu ya kisheria: uwanja ni mali ya Jiji la New York, umekodishwa, kwa hiyo ubaguzi unaofanyika humo unaigusa serikali na Katiba inahusika.

Lawama nyingine ilitoka kwa watu wa upande wake, nayo nadhani ni nzito kuliko ya Eastland. Kumfanya Motley jaji kulikuwa pia kumtoa uwanjani. Kesi pekee kati ya kumi aliyoshindwa, ya Swain mwaka 1965, ilihusu waendesha mashtaka kuwaengua watu Weusi katika jopo la raia wanaoamua kesi. Ilipita miaka 21 kabla Mahakama ya Juu haijarudi nyuma kuhusu suala hilo, katika kesi ya Batson mwaka 1986. Nani angelipigania vizuri zaidi katikati ya miaka hiyo? Naye hakupandishwa mahakama ya juu zaidi. Ujaji mkuu wa wilaya yake aliupata mwaka 1982 kwa utaratibu wa ukongwe kazini, haukuwa zawadi ya Rais yeyote.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili si la kigeni. Mkubwa wa Motley kazini, Thurgood Marshall, aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akaandaa rasimu ya hati ya haki. Mtetezi huyo wa Weusi aliandika vifungu vya kuwalinda walowezi Wazungu na Wahindi, waliokuwa wachache, pamoja na mali zao. Na Kenya yenyewe, mwaka 2011, ilimpa ujaji mkuu Willy Mutunga, mwanaharakati aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi. Tume ya Utumishi wa Mahakama ilimhoji hadharani, akaulizwa hata kuhusu hereni yake. Swali la hereni halikuwa na maana, lakini uwazi ule nauthamini: wananchi walimwona akibanwa na wakamsikia akijibu, kitu ambacho miezi saba ya ukimya wa Eastland haikuwapa Wamarekani.

Februari 2022 Ketanji Brown Jackson, aliyewahi kuwa wakili wa umma wa kuwatetea washtakiwa na kisha jaji wa wilaya ya shirikisho mjini Washington, alisimama kuupokea uteuzi wa Mahakama ya Juu. Akamtaja Motley, akisema wamezaliwa tarehe moja, wakipishana miaka 49. Mwezi uliofuata, mbele ya kamati ileile aliyokuwa akiiongoza Eastland, maseneta walimbana kuhusu wafungwa wa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Kuba, aliowahi kuwatetea. Seneti ilimthibitisha tarehe 7 Aprili kwa kura 53 dhidi ya 47.