Mimi, Vidya Balan na farasi wa mbio

Zamu yangu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kazi ya kwanza kabla wazee hawajaletwa ukumbini kunywa chai ni kuandika ubao. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio, mbali na kwetu Lamu. Juu ya ubao naandika siku na tarehe kwa herufi kubwa, maana wengi wao kumbukumbu zimeshawaaga na wauguzi wanataka wakumbushwe wamo siku gani. Chini yake naandika leo ni siku ya nini. Mstari wa mwisho ni wa mastaa: nani na nani walizaliwa tarehe kama ya leo.

Usidhani kuna tarehe inayobaki tupu. Wamarekani wana siku ya donati, Ijumaa ya kwanza ya Juni, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu kule Chicago mwaka 1938 kuwakumbuka wanawake waliowapelekea askari donati vitani. Wana siku ya mnyama wa shimoni, tarehe 2 Februari, anayetolewa nje mbele ya kamera. Akiona kivuli chake, baridi bado ina wiki sita. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika huku nacheka kimoyomoyo. Nikimsimulia mama kwa simu husema watu hao wana nafasi.

Kuna tarehe moja tu ambayo sikuwahi kuicheka, na hiyo ni 1 Januari. Siku hiyo ubao haunitoshi. Mwaka mpya, haya. Wakatoliki wana sikukuu ya Bikira Maria Mama wa Mungu na siku ya kuombea dunia amani. Haiti ilijitangazia uhuru tarehe hiyo mwaka 1804, Sudan ikaupata 1956, Kamerun 1960. Katika waliozaliwa yumo Ousmane Sembène, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegal, mwaka 1923. Yumo Lilian Thuram, beki wa Ufaransa waliochukua Kombe la Dunia 1998, yeye ni wa 1972. Wapenzi wa Arsenal mtamwona Jack Wilshere, 1992. Na mwigizaji wa Kihindi Vidya Balan, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1979.

Tarehe 1 Januari 1979 ndiyo iliyo kwenye pasipoti yangu pia. Siku ile ile, mwaka ule ule. Mimi na Vidya Balan ni pacha.

Bila shaka si kweli. Kwa upande wangu, nasema, wa Vidya siujui undani wake. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikamjibu kwamba mwaka ni 1979, mwezi na siku sijui, nikamuulize mama? Akaandika 01.01 bila kuinua kichwa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na haraka ya kuwahi boti ya kurudi. Sekunde tatu zile nimezibeba mpaka Ohio.

Huku ndiko nilikojua kwamba tuko wengi. Ukienda duka la dawa, mhudumu haulizi kwanza jina, anauliza tarehe ya kuzaliwa. Mtaa ninaokaa una Wasomali wengi, na siku moja kwenye foleni mzee wa mbele yangu akasema Januari moja, mama aliyemfuata akasema Januari moja, nikafika mimi. Yule binti wa dirishani alinitazama kama mtu aliyeanza kushuku tunamchezea. Kazini nina mwenzangu Mbajuni aliyezaliwa kisiwa kimoja karibu na Kismayu akapitia kambi ya wakimbizi. Yeye vilevile. Tunaelewana kwa Kiswahili chake na changu, na kila mwaka mpya tunapeana mkono, "Hongera dada, tumekuwa wakubwa."

Halafu nikagundua jambo lililoniweka kitako. Farasi wa mbio, wale wa thamani wenye vyeti vya ukoo, wote katika nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa farasi akidondoka Aprili, Januari inayofuata anaambiwa ana mwaka mmoja. Imepangwa hivyo ili kupanga makundi ya mbio kwa umri kusiwe na ugomvi. Kusini, kama Australia, wao hutumia 1 Agosti. Nimetoka mji wa punda, punda wasio na cheti wala tarehe, nikaja kupangwa na farasi.

Utani tuweke kando, tarehe ya uongo ina bei. Idara ya pensheni ya Marekani ina kanuni kwamba aliyezaliwa tarehe 1 Januari anahesabiwa katika kundi la mwaka uliotangulia, kwa sababu kisheria mtu hutimiza umri siku moja kabla ya tarehe yake. Kwa hiyo mimi, ambaye karani alinipa Januari 1979, kwenye hesabu ya uzeeni ni mtu wa 1978. Mwaka ambao, kwa maneno ya mama mwenyewe, nilikuwa tumboni.

Ndipo nikaamua kuitafuta.

Mama hajui tarehe lakini mambo anayajua. Nilimpigia Jumapili, nikachukua karatasi. Alisema Mzee Kenyatta alipokufa, mimba yangu ilikuwa changa, miezi mitatu hivi, na anakumbuka kwa sababu redio ililia nyimbo za huzuni na yeye kichefuchefu kilikuwa kimemkamata. Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978, hilo limeandikwa. Akasema nilizaliwa wakati wa kaskazi, joto halisemeki, mji umejaa wageni wa Maulidi kutoka kila pwani. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, baada ya isha, na matwari ya msikiti wa Riyadha yalikuwa yakisikika mpaka chumbani. Mkunga alitaka kumaliza upesi aende kusikiliza.

Programu za kubadilisha tarehe za Kiislamu ziko chungu nzima, na kila moja inaweza kukosea kwa siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Kilichoniokoa ni ile Alhamisi. Mfunguo Sita wa mwaka ule ulianza mwishoni mwa Januari 1979 na kwisha karibu tarehe 27 Februari, na Alhamisi ya mwisho ndani yake ni moja tu: tarehe 22 Februari.

Nililitazama jibu hilo nikahisi kama nimepewa barua iliyocheleweshwa posta miaka arobaini na kitu. Kisha nikafungua orodha ya ubao nione tarehe 22 Februari ni ya nani. Ni ya George Washington.

Na huyu Washington stori yake ni tamu kuliko yangu. Alipozaliwa, cheti chake kingesomeka 11 Februari 1731, kwa sababu Uingereza na makoloni yake walikuwa kwenye kalenda ya zamani na mwaka wao ulianza 25 Machi. Mwaka 1752 ndio wa kwanza kwao kuanzia tarehe 1 Januari, na mwaka huo huo wakaruka siku kumi na moja. Washington akajikuta amezaliwa 22 Februari 1732, siku nyingine na mwaka mwingine. Karani wake alikuwa bunge zima. Tena tangu 1971 sikukuu yake ya taifa imehamishiwa Jumatatu ya tatu ya Februari ili watu wapumzike siku tatu mfululizo, na Jumatatu ya tatu haiwezi kuvuka tarehe 21. Maana yake sikukuu ya kuzaliwa Washington haiangukii kamwe siku aliyozaliwa. Martin Luther King naye, wa 15 Januari 1929, anasubiri Jumatatu.

Nalisema hili kwa sababu ya maneno niliyoyasikia kazini. Mwaka mmoja niliomba ruhusa ya Idi. Msimamizi akaniuliza ni tarehe ngapi. Nikasema Jumanne au Jumatano, itategemea mwezi. Akaweka kalamu chini akaniambia, kwa upole tu, kwamba dini ya watu wazima lazima ijue siku yake. Sikumjibu, bili zilikuwa mezani. Ningekuwa na ulimi wangu wa leo ningemwambia sisi siku zetu zinasogezwa na mwezi, ninyi zenu zinasogezwa na Jumatatu, na mwezi angalau huutazama ukauona. Nilifanya kazi Idi ile. Jioni nilikula pilau na yule Mbajuni, ambaye kwa hesabu ya msikiti wao Idi ilikuwa kesho yake.

Lakini sipendi hadithi ambayo wenzangu wengi wa ughaibuni huipeleka nyumbani, kwamba Mzungu anajua tarehe ya staa lakini hajui jina la jirani, na sisi ndio watu. Nyumba hii ninayofanya kazi kuna bibi mmoja aliyekuwa mwalimu. Jina langu hulisahau kati ya kijiko na kijiko. Muulize nduguze, atakutajia wote sita, siku, mwezi na mwaka, hata yule aliyefariki akiwa na wiki tatu. Baba yao alikuwa mkulima maskini, akiandika kwenye kurasa za mbele za Biblia ya nyumbani. Kitoto cha wiki tatu kimekufa miaka tisini iliyopita na bado kina tarehe.

Kwetu, ami yangu mmoja alikuwa na desturi kama hiyo. Nyuma ya kitabu chake cha dua aliandika watoto wake kwa herufi za Kiarabu zilizonyooka, siku na mwezi na mwaka wa Hijria. Watoto wa kiume. Wasichana wanne hawamo. Nilikifungua mwenyewe mwaka 2011 nilipokwenda matangani, nikarudia kurasa mara mbili nikidhani zimegandana.

Wa kiume au wa kike, tulio wengi tulipewa siku ya kuzaliwa tukaivaa kama jina. Hesabu wa mtaani kwako: Juma, Khamisi, Idi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mwanaidi, na akina Mwanajuma, ambao mimi ni mmoja wao. Nilizaliwa Alhamisi usiku, na kwa sisi jua likishazama siku imegeuka, kwa hiyo nilizaliwa Ijumaa. Ohio watasema tarehe 22, Alhamisi. Jina langu linasema Ijumaa. Yote mawili ni kweli, na hilo pia lingemchosha msimamizi wangu. Ni ufundi mzuri, jina lenye siku ndani, ila linakupa siku moja kati ya saba tu, na serikali hazikubali malipo ya aina hiyo.

Kinachoniuma ni hiki. Lamu inajulikana dunia nzima kwa mazazi. Watu hupanda mashua na mabasi na ndege kuja kusherehekea kuzaliwa kwa Mtume katika Riyadha, msikiti alioujenga Habib Swaleh, Maulidi ya Habshi yanasomwa kwa matwari, punda wanashindana ufukweni, na wazee hawakosei mwezi wala siku ya jambo lililotokea zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Mji uliotunza mazazi kwa ufundi huo, watoto wake wenyewe umewaachia karani awape 01.01. Najua wapo watakaosema kusherehekea siku ya kuzaliwa ni kuiga, na wapo wanaosema hata Maulidi hayafai. Hao na wapigane huko uwanjani Mkunguni, kahawa ikiwepo. Mimi sizungumzii keki. Kuandika si kusherehekea. Kalamu moja, ukurasa mmoja, tarehe mbili kwa pamoja, ya Hijria na ya Kizungu, na wasichana wamo.

Kwa mpwa wangu aliyejifungua kule Lamu, mtaa wa Mkomani, mwaka jana nilituma daftari. Akanipigia picha ukurasa wa kwanza. Ameandika saa vilevile, saa mbili na robo ya asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Hilo la maji sikumwambia mimi.

Kubadilisha tarehe kwenye karatasi zangu mwenyewe sitaweza. Niliuliza, nyaraka zinazotakiwa ni zile ambazo zingekuwepo nisingekuwa na shida hii. Februari iliyopita tarehe 22 niliandika ubao kama kawaida, Washington juu, na chini yake kwa kalamu ya kijani nikaongeza jina moja la Ijumaa. Yule bibi mwalimu akalisoma kwa sauti, akauliza huyo ni mwigizaji wa filamu gani.

Jioni nikampigia mama kumpa habari zote, tarehe, Washington, pensheni, mpaka farasi. Tarehe haikumshtua. "Alhamisi ya Maulidi, nimekwambia tangu zamani," akasema. "Yeo ndipo wayua?" Akanyamaza kidogo, nikasikia mwadhini nyuma yake.

"Na hao farasi," akauliza, "wao pasipoti waliombea wapi?"