Mchezaji Akiumia, Klabu na Taifa Wakae Pembeni

Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), Misri wakicheza na Ghana mjini Abidjan, nahodha wao Mohamed Salah alikaa chini kwenye nyasi muda mfupi kabla ya mapumziko, akashika nyuma ya paja, akatoka. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba anarudi Liverpool kutibiwa, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye vibanda umiza, kwenye magrupu ya WhatsApp, redioni asubuhi, kila mtu alikuwa na hukumu yake. Nahodha gani anawaacha wenzake vitani? Kule Misri hata wachezaji wa zamani wa timu ya taifa walimsema, kwamba alipaswa kubaki kambini hata kama hawezi kucheza. Mashabiki wa Liverpool nao wakajibu kwamba anayelipa mshahara ndiye mwenye mchezaji.

Katika kelele zote hizo sikusikia watu wakiuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: Salah mwenyewe anataka nini, na msuli wake unahitaji nini?

Mimi nasema wazi. Mchezaji akishaumia, si klabu wala taifa wenye haki ya kuamua lini arudi uwanjani. Apimwe na daktari asiyelipwa na upande wowote kati ya hizo mbili, aelezwe ukweli wote, kisha aamue mwenyewe. Na akiamua, asiitwe msaliti.

Anayedhani hili ni jambo dogo akumbuke ya Arjen Robben, winga wa Uholanzi na klabu ya Bayern Munich. Juni 2010, Uholanzi walikuwa wakijipima nguvu na Hungary mjini Amsterdam kabla ya kwenda Afrika Kusini. Walishinda 6-1 na Robben alifunga mawili. Mechi ikiwa imeshakwisha kimatokeo, dakika za mwisho kabisa, akajaribu kuupiga mpira kwa kisigino na msuli wa nyuma ya paja ukamkamata. Uholanzi wakamtibu kwa haraka, akazikosa mechi mbili za kwanza za Kombe la Dunia, akarudi kabla hatua ya makundi haijaisha, akacheza mpaka fainali. Wengi wetu tunaikumbuka ile nafasi aliyobaki yeye na Casillas, kipa wa Hispania, mpira ukaguswa na mguu wa kipa ukaenda nje. Sote tulimhesabu kuwa mzima.

Aliporudi Bayern Munich na kupimwa na daktari wa klabu, msuli ukakutwa umechanika vibaya. Alikaa nje mpaka Januari 2011. Bayern wakawaka, wakadai fidia kwa chama cha soka cha Uholanzi, na ugomvi ukaisha kwa makubaliano ya kucheza mechi ya kirafiki Mei 2012. Mechi hiyo ilichezwa Munich, siku chache baada ya Bayern kufungwa na Chelsea kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, fainali ambayo Robben alikosa penalti. Akazomewa na mashabiki wa klabu yake mwenyewe. Kwa hiyo klabu ilipata mapato ya mlangoni, Uholanzi walimaliza deni lao, na mwenye paja akapata mazomeo. Hilo bado linaniudhi mpaka leo.

Hata sheria zenyewe ziliandikwa kwa kufuata mvutano wa wakubwa. Novemba 2004, Abdelmajid Oulmers aliumia akiichezea Morocco dhidi ya Burkina Faso, akakaa nje miezi mingi. Klabu yake ya Ubelgiji, Charleroi, iliipeleka FIFA mahakamani ikiungwa mkono na klabu tajiri za Ulaya. Kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2008, na tangu hapo klabu zikaanza kulipwa kwa kutoa wachezaji kwenye Kombe la Dunia. Baadaye FIFA ikaanzisha mpango wa bima: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28, klabu inafidiwa mshahara wake, hadi euro milioni 7.5 kwa mwaka. Ni mpango mzuri, sibishi. Lakini angalia fidia inakwenda kwa nani. Na kanuni za kuachia wachezaji zinaipa nchi haki ya kumtaka majeruhi apimwe na daktari iliyemchagua yenyewe. Klabu ina fedha, nchi ina daktari. Mchezaji kwenye karatasi hizo ni kitu kinachogombewa.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali na soka, kwenye raga ya wachezaji 13 ya Australia. Kule kuna mashindano ya kila mwaka kati ya majimbo mawili, Queensland na New South Wales, mechi tatu katikati ya msimu wa ligi. Klabu zinalazimika kuwatoa nyota wao, na kwa watu wa majimbo hayo jezi ile ina uzito wa jezi ya taifa, wengine watakuambia inazidi. Mechi ya mwisho ya mwaka 2022 ilianza kwa wachezaji watatu kutolewa mapema kabisa kwa kugongwa vichwa. Mchezaji bora wa usiku ule alikuwa Kalyn Ponga wa Queensland, ambaye pia alikuwa nahodha wa klabu ya Newcastle Knights.

Baada ya hapo Ponga aliumia kichwa akiwa na klabu, msimu wake wa 2022 ukaishia hapo. Machi 2023, ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akagongwa tena. Mtikisiko juu ya mtikisiko wa ubongo, ndani ya muda usiofika mwaka. Akasafiri mpaka Kanada kupimwa na wataalamu. Akarudi uwanjani, na majimbo yalipokaribia kuita vikosi akasema hapana, mwaka huu sitacheza Queensland.

Kocha wake wa jimbo, Billy Slater, aliuheshimu uamuzi huo. Namba ya Ponga akapewa kijana Reece Walsh, Queensland wakachukua taji kwa mechi mbili kwa moja. Ponga akaiongoza Newcastle kushinda mfululizo mwishoni mwa msimu mpaka hatua ya mtoano, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa tofauti ya pointi moja tu. Jimbo halikufa, klabu haikufa, na kijana alibaki na kichwa chake.

Hilo halikutokea kwa wema wa watu peke yake. Ligi ile ina daktari huru anayetazama mechi kwenye skrini, asiyefanya kazi chini ya klabu yoyote, mwenye mamlaka ya kuamuru mchezaji atolewe. Na tangu 2023 aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hukaa nje siku zisizopungua 11, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kocha hana la kubembeleza.

Tukimrudia Salah, Misri walitolewa na DR Congo kwa penalti mwishoni mwa Januari, kipa wa Congo Lionel Mpasi akifunga ile ya mwisho, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba nahodha angebaki mambo yangekuwa mengine. Angefanya nini na paja lile? Hata huko Liverpool, kwenye vifaa vyote, alirudi Februari 17 dhidi ya Brentford akitokea benchi, akafunga, kisha akakosa mechi zilizofuata pamoja na fainali ya Kombe la Ligi. Sisemi kwamba walimharakisha makusudi. Nasema klabu nayo ina haraka zake, na daktari wake anakula mkate wa klabu.

Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Vijana wetu wengi watakuwa wametoka Simba, Yanga, Gor Mahia na KCCA, na shinikizo la kucheza nyumbani halitakuwa la mchezo. Mwenye goti bovu ataombwa na viongozi, na majirani, na mama mzazi. Vyama vitatu vya soka vikae na klabu mapema, vikubaliane jopo moja la madaktari wasiolipwa na klabu wala timu za taifa, na neno la jopo hilo liandikwe kwenye mikataba ya wachezaji kabla kikosi cha kwanza hakijatajwa.