Donizetti ahukumiwe kwa Lucia aliyoiandika

Gaetano Donizetti, mtunzi wa Italia wa karne ya 19, alitunga opera karibu 70. Zinazoimbwa bila kukoma ni nne: L'elisir d'amore, Lucia di Lammermoor, La fille du régiment na Don Pasquale. Wanaombeza huishika hesabu hiyo kama ushahidi: aliandika mbio, akarudia mbinu, okestra yake ikabaki kupiga mdundo tu chini ya mwimbaji. Wana hoja. Soprano, yaani mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, akiwa dhaifu, Lucia huporomoka, maana hakuna wingu la ala la kumsitiri.

Lakini nne kati ya 70 zinapima nini hasa? Anna Bolena ya 1830 ilikaa kabatini miongo mingi, hadi soprano Maria Callas alipoiimba La Scala, jumba la opera la Milano, mwaka 1957, nayo ikarudi jukwaani. Noti zilikuwa zilezile muda wote huo. Aliyekosekana ni wa kuziimba. Tena majumba ya Italia enzi zake yalitaka opera mpya kila msimu, hivyo kasi ilikuwa sharti la kazi.

Lucia (Napoli, 1835) yenyewe husikika imekatwakatwa. Kwa desturi huondolewa sehemu ambapo kasisi Raimondo anamsihi Lucia, mhusika mkuu, akubali kuolewa na mwanamume asiyempenda. Bila hiyo, anasaini mkataba wa ndoa ghafla mno, na lawama humwangukia mtunzi badala ya mkasi.

Halafu kuna onyesho la wazimu, Lucia anaporukwa na akili. Mswada uko kwenye ufunguo wa F, ila muziki wote hushushwa hadi ufunguo wa E-flati ili soprano amalizie kwa noti ya juu ambayo Donizetti hakuiandika. Yale majibizano marefu ya sauti na filimbi, yanayongojewa na ukumbi mzima, yaliongezwa miongo kadhaa baada ya kifo chake. Kwanza alitaka hamonika ya glasi, inayosuguliwa kwa vidole vilivyolowa: sauti isiyo na pumzi wala mwanzo dhahiri, kama mawazo ya Lucia. Filimbi aliiweka baadaye, kabla ya onyesho la kwanza.

Kurudisha F kuna gharama: sehemu nzima hupanda, na soprano ameshachoka. Asilazimishe, afute zile noti za kujionyesha, aimbe kwa sauti ndogo. Hapo ndipo wembamba wa okestra unapofanya kazi yake: hata akinong'ona, neno linafika ghorofa ya juu kabisa.